Sura ya 6: Dizeli Hupata Joto Kazini

Baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa nchini Marekani ilipimwa tarehe 23 Januari 1971 katika kambi ya Prospect Creek, Alaska: nyuzi 62 chini ya sifuri. Miaka mitatu baadaye, 1974, barabara ya malori ikachongwa kupita jirani na hapo ili kupeleka vifaa vya kujengea bomba la mafuta ghafi. Barabara hiyo, Dalton Highway, ipo hadi leo. Ina urefu wa kilomita 666, sehemu kubwa ni changarawe, inakwea milima ya Brooks Range kupitia Atigun Pass kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,400, kisha inateremka hadi Deadhorse karibu na Bahari ya Aktiki. Kutoka Coldfoot, kituo cha malori kilichoanzishwa na Dick Mackey, bingwa wa mbio za mbwa za Iditarod za mwaka 1978, hadi kufika Deadhorse ni takriban kilomita 385 bila pampu ya mafuta wala gereji. Dereva anayezima injini huko usiku bila kujiandaa, asubuhi hana lori. Ana chuma kilichoganda na mzigo wa watu juu yake.

Swali la sura hii linaulizwa kila penye lori na asubuhi ya baridi, kuanzia Fairbanks hadi Makambako: injini ya dizeli ipashwe vipi, na kwa muda gani? Dereva mkongwe atakwambia iache ingurume nusu saa. Mwenye gari atakwambia unamchomea mafuta. Kijana aliyetoka chuo juzi atakwambia kompyuta ya gari inajua yenyewe. Wote watatu wana kipande cha ukweli mkononi, ila mkongwe ndiye aliyekosea zaidi, na kurasa zinazofuata karibu zote ni kesi dhidi yake.

Tuanze na chanzo cha moto. Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Ya dizeli haina. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, alipoomba hataza yake mwaka 1892, wazo lake lilikuwa kuishindilia hewa mpaka iwe ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Injini iliyofanya kazi sawasawa ilisimama Augsburg mwaka 1897, na tangu hapo msingi haujabadilika: pistoni inapanda, hewa inabanwa mara 16, 17 au zaidi, joto linaruka juu, nozeli inapuliza dizeli ndani ya joto hilo, inalipuka. Ndiyo maana fundi wa dizeli, akiletewa injini isiyowaka, swali lake la kwanza ni kompresheni.

Sasa fanya hesabu. Hewa ikiingia ndani ya silinda ikiwa na nyuzi 30, yaani hewa ya mchana wa kawaida Tanga, na ikabanwa mara 17, kwenye karatasi inafika takriban nyuzi 540. Dizeli huanza kujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi, kwa hiyo kuna akiba kubwa. Ingiza hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri (hapo Selsiasi na Farenhaiti hukutana, kwa hiyo Mmarekani na Mkanada hawagombani) na hesabu ile ile inakupa takriban nyuzi 355. Bado inatosha, utasema. Tatizo ni kwamba hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwenye chuma chenyewe, ukuta wa silinda uliopoa unanyonya joto la hewa kabla pistoni haijafika juu. Stata inazungusha injini polepole, hivyo hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi. Na dizeli iliyopulizwa ndani haina muda wa kusubiri: lazima igeuke mvuke na kuwaka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Ile akiba yote inaliwa. Kinachotoka kwenye ekzosi ni moshi mweupe, na moshi huo ni dizeli yenyewe imepita bila kuungua.

Hapo tumeongelea hewa tu. Betri nayo ina matatizo yake. Umeme wake hutokana na kemia, na kemia hupungua kasi kwenye baridi. Betri nzima kabisa, ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, inatoa chini ya nusu ya nguvu yake ya kuwashia. Lori kubwa la Marekani hubeba betri 4 kwa sababu hiyo. Na wakati betri imedhoofika ndipo injini inadai nguvu nyingi zaidi, kwa kuwa oili imekuwa nzito. Injini ya lita 15 inabeba lita 40 hivi za oili. Kwenye baridi ya Alaska, ukichomoa kijiti cha kupimia, oili ya kawaida inang'ang'ania kijiti na haidondoki. Crankshafti yote inapaswa kuzunguka ndani ya kitu hicho.

Tarakimu za kwenye dumu la oili zimewekwa kwa ajili ya jambo hili hili, ingawa wanunuzi wengi huzisoma kijuujuu. W ni ya majira ya baridi. Oili ya 15W-40, ile inayomwagwa kwenye malori mengi ya Afrika Mashariki, hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izungushwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ya 10W hupimwa kwenye 25, ya 5W kwenye 30, na ya 0W kwenye 35. Dereva wa North Dakota anayebaki na 15W-40 mwezi Januari anajitafutia taabu kwa makusudi. Ile oili namba 40 isiyo na W, ambayo wenye magari makuukuu wa kwetu bado wanaipenda kwa kuwa inaficha moshi, kule isingesogea kabisa.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Dizeli ina nta ndani yake. Mtu wa Pwani hahitaji somo refu hapa: mafuta ya nazi yaliyokuwa maji mchana huamka yameganda kwenye chupa asubuhi ya kipupwe, na hakuna kilichoharibika, yamepoa tu. Dizeli hufanya hivyo hivyo, ila kwenye nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Kwanza inapata ukungu, chembe za nta zinaanza kuonekana. Kisha chembe hizo zinaenda kuziba filta, na hapo injini iliyowaka vizuri inatembea kilomita chache na kuzima barabarani. Ni kosa linalowapata sana wanaotoka kusini: dereva anajaza tangi Texas, ambako dizeli ni ya joto, anaendesha siku mbili kuelekea Minnesota, analala, na asubuhi tangi lina uji.

Dawa ya nchi za baridi ni dizeli namba 1, nyepesi, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, ama mchanganyiko wake na namba 2, dizeli ya kawaida, kadiri majira yanavyozidi kuwa makali. Vituo vya kaskazini hubadilisha mchanganyiko huo kabla baridi haijaingia. Jambo hili humshangaza Mtanzania au Mkenya anayelisikia mara ya kwanza, maana kwetu kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ni jinai yenye jina lake, uchakachuaji. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa. Hakuna mgongano. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa kutosha kwa pampu na nozeli, na yana nguvu kidogo kuliko dizeli. Huko Minnesota hasara hiyo inakubaliwa kwa kuwa mbadala wake ni kutotembea, na viwanda huongeza dawa ya ulainisho. Anayechakachua Mlolongo au Kibaha hana nta ya kuikimbia. Ana faida yake tu, na pampu ni ya mtu mwingine.

Basi wanaoishi na baridi hiyo hufanyaje? Jibu lao la kwanza, na lililo bora hadi leo, ni kuipasha injini kabla haijawashwa. Andrew Freeman, aliyekuwa kiongozi wa ushirika wa umeme huko Grand Forks, North Dakota, alipata hataza ya hita yake mwaka 1949. Ujanja ulikuwa mwepesi: unang'oa bolti moja ya silindahedi, mahali pake unaweka hita yenye umbo la bolti, unachomeka kwenye umeme wa nyumbani. Hita za leo huzama kwenye maji ya kupozea ndani ya bloku. Ya lori kubwa huwa na wati 1,000 hadi 1,500, chini ya birika nyingi za umeme, na saa tatu hivi zinatosha kuyapa joto maji na chuma kinachoyazunguka. Injini ikizungushwa hapo, hewa haikutani tena na ukuta wa barafu. Wengine huongeza hita ya kubandika chini ya sampo ili oili nayo ilainike, na blanketi la umeme la betri.

Mgeni akifika Winnipeg, Kanada, au Fairbanks huona waya wenye plagi ukining'inia mbele ya kila gari na safu za soketi kwenye maegesho ya maduka, shule na hospitali, akadhani mji mzima umehamia magari ya umeme. Ni hita hizo. Waya wenyewe huwa wa aina maalumu ya kustahimili baridi, kwa sababu waya wa kawaida wa duka hukakamaa, na ukiulazimisha kuukunja ganda lake linapasuka.

Pasipo umeme wa kuchomeka kuna njia nyingine. Kampuni za Kijerumani Webasto na Eberspächer hutengeneza majiko madogo yanayochoma dizeli ya tangini na kuzungusha maji moto ndani ya injini ikiwa imezimwa. Malori ya KAMAZ ya Urusi yana hita zao za namna hiyo zilizofungwa tangu zama za Kisovieti. Na huko Yakutia, ambako Oymyakon iliwahi kuandika nyuzi 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933, wapo madereva ambao bado hulala chali kwenye theluji wakielekeza tochi ya moto, ile ya mafundi bomba, chini ya sampo ya oili. Inafanya kazi. Pia imeteketeza malori. Siipendekezi kwa mtu yeyote mwenye njia nyingine.

Jeshi la Ujerumani lilijifunza somo hilo kwa gharama mbele ya Moscow mwaka 1941, askari wakiwasha moto chini ya magari yao usiku ili yaweze kuwaka asubuhi. Vifaru vya T-34 vya Wasovieti, vilivyokuwa vya dizeli, vilibeba chupa mbili za upepo uliobanwa, hivyo betri ikifa, upepo huo ulisukuma pistoni moja kwa moja na kuizungusha injini. Upepo hauchoki kwa baridi jinsi betri inavyochoka.

Kuna na vifaa vya kusaidia sekunde zile za kuwasha. Injini ndogo za dizeli, za pikapu na basi dogo, zina hita plagi, kijiti kinachowaka chekundu ndani ya chumba cha moto. Injini kubwa za lori kwa kawaida hazina. Baadhi zina waya wa kupasha hewa uliowekwa kwenye njia ya kuingizia hewa. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi unasubiri izimike ndipo ukanyage stata. Halafu kuna eta ya kupuliza, ambayo huwaka kwenye joto dogo kuliko dizeli, nyuzi 160 hivi. Fundi mwenye haraka huipenda. Lakini eta inalipuka inapotaka yenyewe, pengine pistoni bado iko njiani kupanda, na kishindo kinachosikika ni ringi zikivunjika. Ukiipuliza kwenye injini yenye waya wa kupasha hewa au hita plagi, unamwaga eta juu ya chuma chekundu, na mlipuko unaweza kutokea nje ya silinda, kwenye bomba la hewa lililo mbele ya uso wako. Matambara ya petroli yaliyowashwa, ambayo mafundi wengine wa kwetu huyasogeza kwenye mdomo wa hewa, ni jamaa wa hatari hiyo hiyo.

Tuchukulie kila kitu kimekwenda vizuri. Ni alfajiri Fargo, North Dakota, nyuzi 30 chini ya sifuri, hita ilikuwa imechomekwa usiku kucha. Dereva anachomoa waya kwanza (wanaosahau huondoka na soketi ya watu). Anawasha swichi, anasubiri taa izimike, anakanyaga klachi ili stata isizungushe na oili nzito ya giaboksi, anapiga stata. Ikikataa, anaachia kabla ya sekunde 30, kisha anaipumzisha dakika mbili, maana stata inayolazimishwa huungua. Mara ya pili inashika. Inakohoa kwa silinda mbili tatu, moshi mweupe unajaa nyuma, kisha silinda nyingine zinaamka moja moja na mlio unatulia. Macho yake hayako kwenye moshi, yako kwenye geji ya oili. Sindano inapaswa kunyanyuka ndani ya sekunde 15 hivi. Isiponyanyuka anazima, kwa kuwa turbo iliyo juu ya injini ndiyo ya mwisho kufikiwa na oili, na shafti yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo hapigi resi. Kupiga resi injini baridi ili ipate moto haraka ni njia ya uhakika ya kununua turbo nyingine.

Sasa oili imepanda. Mkongwe wetu hapa angeshuka, akaenda kunywa kahawa nusu saa, na kuiacha kwenye sailensa, ikinguruma bila kazi. Kwa nini amekosea?

Injini ya petroli hudhibitiwa kwa hewa: ukiachia mafuta, mlango wa hewa unajifunga, hewa na mafuta vinapungua pamoja. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mlango huo. Kila pistoni ikishuka inavuta silinda tele ya hewa, iwe lori linapanda mlima na tani 40 au limeegeshwa. Kinachobadilika ni kiasi cha dizeli. Likiwa na mzigo mzito, sehemu moja ya mafuta hukutana na sehemu 20 na kitu za hewa. Kwenye sailensa, tone lile lile linaweza kukutana na sehemu 70 au zaidi. Fikiria hewa yote hiyo ina nyuzi 30 chini ya sifuri, na moto wa kuipasha ni katone. Injini inajipuliza baridi yenyewe. Sifa iliyomfanya Diesel ashinde, kwamba injini yake inapoteza joto kidogo kuliko nyingine, ndiyo inayomponza dereva hapa: pasipo kazi hakuna joto. Kwenye baridi kali, lori lililopata moto barabarani likiachwa kwenye sailensa, geji ya maji huanza kushuka.

Na silinda ikipoa, dizeli haiungui yote. Iliyobaki inatelemka ukutani, inaosha utando wa oili unaolinda ringi, na kuishia kwenye sampo ambako inaizimua oili. Nyingine inatoka kwenye ekzosi ikiwa nyeusi, yenye kunata, na kuganda kwenye valvu. Kwenye malori ya miaka ya karibuni kuna filta ya masizi kwenye ekzosi. Filta hiyo husafishwa na joto la ekzosi yenyewe, na joto hilo halipatikani injini ikiwa kwenye sailensa. Saa nyingi za sailensa huijaza, taa inawaka, nguvu inapunguzwa na kompyuta, na gari linaishia kwa fundi. Watengenezaji wamelisema jambo hili kwenye vitabu vya magari kwa miaka, ila kitabu cha gari husomwa na wachache. Hukaa kwenye droo pamoja na risiti.

Dereva wa Fargo, kama anajua kazi yake, anapandisha mzunguko hadi kati ya 1,000 na 1,200 ili injini ipate angalau kazi kidogo, anazunguka lori kukagua taa na tairi, na baada ya dakika tatu hadi tano anaondoka kwa gia ndogo, bila kukanyaga sana, mpaka geji ya maji isogee. Akiondoka anapasha na vitu ambavyo sailensa isingevigusa hata angekaa saa nzima. Oili ya giaboksi na ya difu ni nzito na inapata joto kwa meno kusagana tu. Tairi zimelala usiku kucha upande mmoja na zimekuwa bapa hapo. Kilomita za kwanza lori linadunda mpaka zilainike. Grisi ya bearingi imekaza. Mbele ya rejeta amefunga turubai ili upepo usiipoze injini barabarani, na kiangazi akisahau kulifungua injini itachemsha.

Breki zina mambo yao. Kompresa ya upepo huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo ukiganda ndani ya valvu, breki ama hazishiki ama hazifunguki. Dereva aliyeegesha trela kwenye theluji huku dramu bado zina moto anaweza kuamka lainingi zimeganda kwenye dramu. Nyundo hutumika hapo, kwa kugonga dramu taratibu, si kwa kulivuta trela kwa nguvu huku tairi zimegoma kuzunguka.

Kwa haki, mkongwe alikuwa na sababu. Alijifunza kazi wakati oili zote zilikuwa nzito, na injini ikizimwa usiku haikuwa na uhakika wa kuamka. Zaidi ya hapo, alikuwa amelala ndani. Kabini isiyo na joto kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri inaua mtu, na injini ndiyo ilikuwa jiko lake. Huo ndio ukweli wake, na hauwezi kubezwa. Lakini injini ya lori kwenye sailensa hunywa lita 3 hivi kwa saa. Usiku wa saa kumi ni lita 30 za kupasha kabini ya mtu mmoja. Jiko dogo la dizeli la kabini hufanya kazi hiyo kwa chini ya robo lita kwa saa. Majimbo mengi ya Marekani yameweka kikomo cha dakika chache za kuacha injini ikinguruma, ingawa mengine hulegeza sheria baridi ikizidi kiwango fulani. Kampuni inayompeleka dereva kaskazini Januari bila jiko la kabini, kisha ikamkata mshahara kwa sababu ya mafuta ya sailensa, inamdhulumu. Naandika hili nikijua kwamba Wakenya, Wakongo na Watanzania wengi waliohamia Marekani na Kanada wameingia kazi hii, na wengi hukutana na baridi hiyo usukani ukiwa tayari mikononi.

Nyumbani je? Afrika Mashariki haina baridi ya kugandisha dizeli, lakini ina nyanda za juu. Lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na kule Njombe, kwenye uwanda wa Kitulo, umande huganda kabisa mwezi Juni na Julai. Kwenye kimo cha Timboroa hewa ni nyepesi, shinikizo lake ni kiasi cha asilimia 72 ya lile la Mombasa. Silinda inapata hewa haba ya kubana na baridi juu yake. Lori lililowaka kwa mguso mmoja Changamwe linaweza kuzungushwa mara tatu Timboroa alfajiri, na hilo si ajabu.

Lisilo la kawaida ni lori linalotoa moshi mweupe dakika kumi kila asubuhi, kisha likipata moto linatulia na siku nzima halina shida. Dereva husema "ni baridi tu." Kwenye nyuzi 5 baridi peke yake haifanyi hivyo kwa injini nzima. Ama ringi zimelika na kompresheni imeshuka, ama nozeli inadondosha badala ya kupuliza, ama, kwa gari dogo, hita plagi moja au mbili zimekufa. Nyuzi 5 za Timboroa zinaonyesha ugonjwa ambao joto la Mombasa linauficha. Peleka kwa fundi apime kompresheni ya kila silinda kabla hajaanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha, na umwambie wazi kwamba tatizo ni la asubuhi, asije akalijaribu saa nane mchana na kukurudishia gari.

Muda wa kupasha kwetu unapangwa na breki zaidi ya injini. Lori la upepo halitembei mpaka tangi zijae na king'ora kinyamaze, na kwa gari linalovuja kidogo hiyo ni dakika tatu hadi tano. Muda huo unatosha kabisa kwa oili kufika juu na turbo kulainika. Upepo ukijaa, ondoka kwa gia ndogo na usilisukume kilomita mbili tatu za kwanza, hasa ukianzia kwenye mpando. Usingoje geji ya maji isogee ukiwa umeegesha; utangoja sana, na mafuta yanakwenda.

Aliye Fargo au Winnipeg achomeke waya jioni, kabla hajaenda kula, na ahakikishe kwa mkono kwamba soketi ina umeme, kwa maana fyuzi za maegesho hukatika usiku wa baridi kali, magari yote yanapovuta kwa pamoja. Ukiamka ukakuta umeme ulikatika, piga simu kwa bosi useme utachelewa, kisha tafuta soketi nyingine. Hita inahitaji saa zake tatu, na eta si mbadala wake.